Shimo Nyuma ya Nyumba ya Teresia

Mwezi wa Mei 1983, mgambo wa kijiji cha Lukwambe walimfunga kamba mikono na miguu mtu aliyeipigania nchi hii, wakamlaza kifudifudi juu ya mahindi yake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kuwa na shimo nyuma ya nyumba. Mtu huyo aliitwa Cornel. Habari hii, hata hivyo, ni ya Teresia mkewe, kwa sababu Cornel alifungwa kamba mchana mmoja tu, ilhali Teresia alikuwa amekwisha kuishi miaka mitatu chini ya macho ya watu wanaonong'ona.

Lukwambe iko wilayani Kilosa, kati ya kijiji kiitwacho Ulaya na Mikumi, ubavuni mwa reli iendayo Kidatu. Mwaka 1974 watu walishushwa pale kutoka vitongoji vya milimani, nyumba zikapangwa kwa mistari, na kila nyumba kumi zikapewa mjumbe. Mjumbe wa mstari wa Teresia alikuwa Vitalis, mwanamume wa sauti ya upole ambaye hakupita mbele ya nyumba ya mtu bila kuhesabu vyungu vilivyo jikoni.

Vita vya Kagera vilipoanza, Cornel alichukuliwa katika kundi la mgambo wa wilaya pamoja na Yohana, aliyekaa mstari wa pili. Walisindikizwa stesheni kwa ngoma, wanawake wakiwatupia khanga mabegani. Mwaka 1980 walirudi, Yohana akitangulia, Cornel akifuata baada ya miezi kadhaa. Safari hii ngoma haikulia. Cornel alishuka na blanketi la jeshi, bakuli la bati na viatu vilivyopasuka, akaenda nyumbani kwa miguu akiambaa pembezoni mwa njia kama mtu asiyetaka kuonekana na upande wa pili.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba askari waliotoka Uganda walirudi na mali. Ilisemekana kuwa kule Kimamba mmoja alikuja na redio kubwa kama sanduku la nguo, mwingine na saa tatu mkono mmoja. Inakuwaje Cornel aje na bakuli? Hildegarda, dada yake mkubwa, alifika siku ya pili tu. Teresia akampigia magoti, "Shikamoo, wifi," na Hildegarda akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa yamekwisha kuingia uvunguni mwa kitanda.

"Hata saa ya mkononi, wifi? Hata moja?"

"Kama ipo, labda kaimeza," Teresia alijibu. "Tusubiri."

Walicheka wote wawili. Ila kicheko cha Hildegarda kilikomea midomoni, na Teresia aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Haki inatuamuru tuseme kwamba hata Teresia mwenyewe alianza kwa kumshuku mumewe. Cornel hakulala kama watu wanavyolala. Kila alfajiri ubavu wake wa kitanda ulikuwa wa baridi, na jioni alirudi na udongo kwenye kucha hata siku ambazo hakwenda shamba. Teresia alidhani kuna mwanamke. Alipomfuata alfajiri moja, amefungasha maneno makali ya kumwambia huyo mwenzake, alimkuta Cornel amezama hadi kifuani katika shimo jembamba nyuma ya nyumba, ameelekeza macho kwenye njia ya reli, jembe mkononi. Aliposogea kumgusa bega, mkono ulimrudia kwa nguvu ukamwangusha chini. Kisha Cornel akamtambua. Alilia bila sauti, akamweleza kwa maneno machache ambayo hakuyarudia tena: kwamba walikuwa handakini wakinywa uji, kwamba adui alipitia migombani kwa nyuma, na kwamba katika handaki lile walitoka hai yeye na Yohana tu.

Tangu siku hiyo Teresia akawa na kazi ambayo hakuna afisa aliyemfundisha wala kumshukuru kwayo. Alijifunza kumwamsha kwa kumwita jina akiwa mlangoni, asimsogelee mpaka ajibu. Alijifunza kusimama mbele yake, asipite kamwe mgongoni. Askari wa wanyamapori walipopiga risasi hewani kufukuza tembo waliotoka mbugani Mikumi, aliacha kila alichoshika, akakaa chini pale ambapo mumewe angemwona, akachambua mboga kwa utulivu wa makusudi, mpaka pumzi za Cornel zirejee. Shimo hakulifukia. Alipojaribu mara moja, Cornel hakula siku nzima.

Tena akaweka sharti la hodi. Hodi kwa watu wetu hupigwa mlangoni. Teresia aliomba hodi ya nyumba yake ipigwe kutoka tutani mwa reli, kwa sauti, na mgeni angoje aitikiwe ndipo avuke. Hakutoa sababu, kwa kuwa hakutaka mumewe aitwe kichaa na watoto wa shule. Wengi walikasirika. Aliyetii bila neno alikuwa Nkoile, mama wa Kimasai aliyeleta maziwa. Yeye alianza kuimba tangu mbali, akafika akiwa bado anaimba. Teresia, ambaye kufikia hapo alikuwa hamwamini tena mtu, akaanza kumshuku Nkoile kwa utiifu huo. Mtu asiyeuliza, alijiambia, huenda tayari anajua. Na Nkoile peke yake, kwa alivyojua Teresia, ndiye aliyewahi kufika uani akaliona shimo.

Ukaja mwaka 1983, mwaka wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Sukari ilikuwa imeadimika hata wagonjwa wakanywa uji wa chumvi, huku mabehewa yaliyojaa sukari hiyo hiyo yakipita mbele ya macho ya watu wa Lukwambe yakitokea kiwandani Kidatu. Redio ilitangaza kwamba bidhaa zimefukiwa ardhini: sabuni, vitenge, sukari gunia kwa gunia. Watu waliokuwa wakitazama maduka wakaanza kutazama udongo. Na nani kijijini alikuwa na udongo uliochimbuliwa?

Vitalis alikuja akapiga hodi relini, kama ilivyotakiwa, akavuka polepole akiangalia huku na huku. Aliwasabahi vizuri, akaulizia mahindi, akaulizia kikohozi cha Cornel. Halafu akamwambia Teresia:

"Mama Agnesi, kwa wenzako hodi inaanzia mlangoni. Kwako inaanzia relini. Hapo katikati kuna nini?"

"Kuna mgonjwa, Ndugu Mjumbe."

"Mgonjwa anayelima kuliko wazima."

"Mkono wake hauumi."

Vitalis alitikisa kichwa taratibu, akaaga. Teresia akabaki amesimama, akijua kwamba kila neno alilosema lingeweza kugeuzwa upande wa pili. Angewaambia ukweli, wangetaka kumpeleka Cornel mahali pa kufungiwa watu walioharibikiwa akili. Asingewaambia, wangeleta majembe. Akachagua kunyamaza. Wiki hiyo akakataa maziwa ya Nkoile, akisema watoto yamewaharisha. Nkoile akajitwisha kibuyu chake, akaondoka bila kuimba.

Walikuja mchana, Teresia akiwa mtoni anafua. Vitalis alikuwa amewaagiza mgambo wasipite relini, kwa hoja iliyoonekana ya busara kwa kila mtu: hodi ya mbali humpa mwizi nafasi ya kuficha. Kwa hiyo wakapita mahindini, wameinama, kwa nyuma. Na aliyetangulia mbele yao, kwa kuwa alikuwa na mafunzo, alikuwa Yohana.

Cornel hakuona watu wa Lukwambe. Aliona majani yakitikisika mgongoni pake. Jembe lilipanda na kushuka, mkono wa Yohana ukavunjika chini ya kiwiko, na wengine wakamrukia Cornel kwa pamoja.

Teresia aliposikia mayowe alipanda kilima na nguo zilizolowa begani. Alimkuta mumewe amefungwa, uso umesukumwa udongoni, huku vijana wanne wakichimbua shimo lake. Walichimba mpaka jasho likawaingia machoni. Walipata mizizi, maji ya mvua na bakuli la bati. Walihamia jikoni, wakang'oa mafiga. Walihamia chini ya kitanda. Hapakuwa na sukari. Hapakuwa na hata kipande cha sabuni, maana Teresia alikuwa akifua kwa majivu ya maganda ya ndizi.

Mtu muungwana angefungua kamba pale pale. Vitalis alitafuta kosa jingine. Alisema kwamba hata kama hakuna magendo, kuna mtu aliyejeruhi mgambo kazini, na kwamba trekta la kijiji limekwisha kuitwa limpeleke Kilosa vivyo hivyo alivyofungwa. Teresia alielewa maana ya maneno hayo kuliko wote waliosimama pale. Cornel aliyekuwa chini hakujua kwamba yuko Lukwambe. Akipakiwa amefungwa, na kufungiwa na watu wasiojulikana watakaomshika kwa nyuma, atakayerudi, kama atarudi, hatakuwa mume wake.

Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta aliyemchongea. Alimtafuta Nkoile. Nkoile hakuwepo. Aliyekuwepo, kando ya ukuta wa choo, ni Hildegarda, na mkononi ameshika kikapu kikubwa, kitupu.

Teresia akakitazama kikapu. Hakuna mtu anayekuja kwenye msako wa nyumba ya ndugu yake na kikapu kitupu, isipokuwa yule aliyeuitisha.

"Wifi," alisema polepole, "kumbe ulikuja kuchukua fungu lako."

Hildegarda alijibu kwamba ni mali ya mdogo wake, na kwamba mwanamke wa kuja hawezi kuilalia peke yake miaka mitatu, ukoo ukikodoa macho. Aliyasema hayo bila haya, kwa uchungu wa kweli. Alikuwa ameziamini zile redio na zile saa kama watu wanavyoamini kitu walichokiona. Hata sasa, shimo likiwa wazi mbele yake, alikuwa anachungulia kona zake.

Teresia akamwacha. Muda wa kugombana na Hildegarda ungekuwepo. Alimgeukia Yohana, aliyekaa chini ameukumbatia mkono wake uliovunjika, mtu ambaye tangu arudi vitani hakuwahi kukanyaga nyumba ya Cornel, akikutana na Teresia njiani huvuka upande mwingine. Teresia alikuwa amemshuku muda mrefu kwamba ana jambo alilomfanyia mumewe huko. Sasa akamuuliza mbele ya watu wote.

"Shemeji Yohana, wewe ulikuwa naye. Waambie. Ungekuwa wewe humo shimoni, ukasikia majani nyuma yako, ungefanya nini?"

Trekta likasikika relini, na Yohana akainua macho.

"Ningepiga kichwa," alisema. "Yeye kapiga mkono."

Vitalis akamwambia asichanganye mambo, mkono wake ndio ushahidi. Yohana akainuka kwa shida. Alisema kwamba mkono ni wake, na kwamba hana mashitaka. Alisema walimvamia mtu kutoka nyuma, na kwamba yeye aliyejua vizuri maana ya kuvamiwa kutoka nyuma ndiye aliyewaongoza. Hawezi kwenda Kilosa kusimama na uongo. Kisha akamwambia Teresia, kwa sauti ndogo lakini wote walisikia, kwamba hakuwahi kuwatembelea kwa sababu hata nyumbani kwake kuna pembe moja asiyoruhusu mtu asimame.

Bila mlalamikaji, Vitalis hakuwa na la kuandika. Trekta liligeuza tupu. Vijana wakataka kufungua kamba, Teresia akawazuia kwa mkono. Akawapanga wote mbele, mahali pa kuonekana, akakaa chini katika udongo uliochimbuliwa, akamwita mumewe kwa jina. Alimwita mara nyingi. Ndipo Cornel alipogeuza shingo akamtazama, na Teresia akamfungua mafundo mwenyewe.

Hakuna aliyeomba radhi. Vitalis aliendelea na ujumbe wake hadi uchaguzi uliofuata. Hildegarda alinuna, kisha akaanza tena kuja, kwanza kwa ajili ya watoto. Kwa Nkoile, Teresia alikwenda mwenyewe hadi bomani kwake kuungama kwamba maziwa hayakumharisha mtu, na Nkoile akamwambia kuwa alilijua hilo siku ile ile. Wizara, chama na jeshi havikuleta hata salamu.

Kilichobadilika ni kimoja. Tangu Agosti 1985, Cornel na Yohana wanalima pamoja shamba la mpunga kule bondeni, mmoja akiinama, mwingine akiwa amesimama akitazama nyuma yao wote wawili, na kila Jumapili mchana, wakiwa huko, Teresia huiweka chini kazi yake, akalala usingizi.