Mshipi wa Kanzu ya Mama Respah

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ulimi mrefu kuliko uzi wa cherehani yangu. Nilikuwa nashona pale Soko la Toi, upande wa kuingilia Kibera, na kazi yangu kubwa ilikuwa kanzu za kanisa letu. Bila shaka umetuona Jumapili tukipita na ngoma, tumevaa kanzu nyeupe, kila mmoja na mshipi kiunoni. Asiye na mshipi haandamani. Hiyo ni desturi tuliyokuja nayo kutoka magharibi mwa Kenya, na wazee wa kanisa hawakuwa na mchezo nayo.

Aliyekuja siku hiyo ni Mama Respah, mpiga ngoma wetu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Akishaitundika ngoma begani kwa ukanda wake wa ngozi na kuanza kupiga, hata mlevi wa kando ya njia alitembea kwa hatua. Ndiye pia aliyenipokea nilipofika Nairobi, akanionyesha pa kulala na pa kununua uzi. Sasa alitaka kitu ambacho sikuwa nimewahi kuombwa na mteja.

"Jerida, nishonee mshipi wa mbele tu," aliniambia. "Ushike kwa kanzu hapa na hapa, usinibane. Watu waone tu nimejifunga."

Nilicheka, nikachukua tepi nimpime. Tepi ilipomgusa ubavuni alishtuka, akauma midomo. Mimi na udadisi wangu nikainua blauzi kabla hajanizuia. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi, upande mmoja tu. Nilijua mara moja kuwa ni mkanda wa jeshi, huu ambao nyinyi vijana mnauita shingles.

Ngoja nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa enzi zile, maana usipojua hutaelewa kosa langu. Miaka hiyo ukimwi ulikuwa umetutia hofu sote, dawa hakuna, na mtu akionekana na mkanda watu walikuwa wameshamzika kwa maneno. Tena tuliamini kwamba ncha mbili za mkanda zikizunguka mwili zikakutana, mgonjwa hamalizi wiki. Mama Respah aliyaamini hayo kama sisi wengine. Alinishika mkono akasema, "Haya yabaki hapa hapa kwa cherehani." Nikamwambia yatabaki.

Hayakubaki. Jioni hiyo, tukipanga foleni ya maji, nilimwambia jirani yangu mmoja. Mmoja tu, mwanangu, tena nilimwambia asiseme. Ulimi hauna mfupa, na wa kwangu ndio ulioanza. Jumapili ilipofika, Mama Respah alikuja na kanzu yake na ule mshipi wa mbele, ambao nilikuwa nimeushona vizuri sana, akakuta ngoma imepewa mtu mwingine. Kwenye benchi, akina mama walisogea pole pole mpaka akabaki peke yake. Aliniangalia. Nikajifanya natafuta wimbo kwenye kitabu.

Alijifungia nyumbani. Hospitali hakwenda, kwa sababu kwenye foleni angeonwa na wale wale. Alijipaka majani, akajipaka majivu, na kila asubuhi akajipima kwa vidole aone ncha zimebakisha kiasi gani kukutana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kifo hakikumuumbua, ila alipokubali hatimaye kwenda kwa daktari aliambiwa dawa ingemsaidia zaidi kama angefika siku za mwanzo. Malengelenge yalikauka lakini maumivu yakabaki. Yalibaki miaka. Leso ikimgusa ubavu alisema ni kama moto, na ukanda wa ngoma hakuuweka begani tena. Ukimwi hakuwa nao. Hata angekuwa nao, ningekuwa nimefanya ubaya ule ule.

Alihamia Kawangware, karibu na stendi ya matatu ya 56. Nilikaa miezi kabla ya kupata moyo wa kumfuata. Nilimpata akichagua maharagwe mlangoni, nikaomba msamaha nikilia. Hakupandisha sauti.

"Kiuno nilikupa mwenyewe upime," alisema. "Maisha yangu nani alikupa? Mimi nilikuwa naogopa kufa, Jerida. Wewe ukafanya niogope watu kuliko kifo."

Kisha akanipa sinia ya maharagwe nimsaidie kuchagua. Ndivyo alivyonisamehe, ingawa mimi sijajisamehe sana.

Basi juzi juzi, nikiwa na miaka hamsini na minane, binti yangu Violet akaniambia kuna chanjo ya mkanda kwa watu waliopita hamsini. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia aache. Nilijiona kwenye benchi la kliniki, mtu wa kanisa ananipita, halafu Jumapili akina mama wanasogea. Mzee mzima, niliogopa ulimi kama wa kwangu wa zamani. Violet alinuna siku tatu. Nikaenda kumshtakia Mama Respah, nikidhani atanitetea.

Sasa ana zaidi ya miaka themanini, na leso bado anaitupa bega la upande mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilichelewa dawa kwa sababu ya mdomo wako," akasema. "Wewe unataka kukosa chanjo kwa sababu ya mdomo wa nani?"

Wiki iliyofuata Violet alipiga simu huku na huku, maana chanjo hii haiko kila zahanati, tukapata mahali. Nesi alikuwa msichana mdogo, wa rika la Violet.

"Mathee, uliwahi kuugua tetekuwanga ukiwa mtoto?"

Nikamwambia niliugua, kijiji kizima kiliugua.

"Sasa hiyo kitu haikutoka. Imelala tu kwa mishipa ya fahamu. Umri ukisonga na nguvu ya mwili ikipungua, inaweza kuamka ikuwe shingles. Si aibu ya mtu."

Akaniuliza magonjwa niliyonayo na dawa ninazomeza, akanidunga, akaniambia nirudi baada ya miezi michache kwa sindano ya pili. Hakuniahidi kwamba sitaugua kabisa. Alisema tu hatari itapungua sana, na yale maumivu ya kubaki pia.

Kutoka hapo nilipitia kwa Mama Respah. Kufikia jioni bega lilikuwa limevimba kidogo na mwili una homa homa.

"Inauma?" akaniuliza.

"Kidogo. Nesi amesema ni siku mbili tatu."

Akaligusa bega langu kwa vidole. "Afadhali," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nakuombea maumivu yako yawe ya siku mbili tatu." Nililia, mwanangu, nikiwa na umri huu.

Basi shika haya. Mtu akikuonyesha mwili wake, funga mdomo na umpeleke hospitali mapema, siku hiyo hiyo ukiweza, maana mkanda haungoji na hizo hadithi za ncha kukutana ni hofu tupu. Kama una mama au baba aliyepita hamsini, muulize daktari kuhusu chanjo hii kabla yeye hajaulizwa na maumivu. Akikataa usinune kama Violet; keti naye ujue anamwogopa nani. Na nywele zako zikianza mvi, nenda mwenyewe, mchana, upite katikati ya watu.

Nami nilimweleza kila mtu kanisani habari za sindano yangu, kwa ulimi huu huu. Akina mama wanne wameshauliza kliniki iko wapi.

Mungu akufikishe uzee, mwanangu, na akikufikisha, akuachie bega la kubebea ngoma yako.