Zimwi la Kijani la Kaloleni

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu filamu ya zamani ya runinga, nikaona wazi zipu mgongoni mwa zimwi. Utotoni sikuiona zipu hiyo. Tulikuwa tumejibana sebuleni kwa jirani yetu mtaani Kaloleni, karibu na ziwa, tukiitazama filamu hiyo, chumba kikinukia omena, wale dagaa wa ziwani, na zimwi la kijani kutoka sayari nyingine likaibuka majini likambeba mwanamke. Kwangu mimi, maji yote yalikuwa ziwa letu. Na mama, aliyeuza samaki, alikuwa huko ziwani.

Nilikimbia peku hadi ufuoni. Nilimkuta kando ya magugu, maji yakimfika kiunoni, akingoja mashua za wavuvi pamoja na wachuuzi wenzake.

“Mama, toka! Litakuchukua!”

“Nini itanichukua, nyathina, mtoto wangu?”

Nilimweleza yote huku nikilia. Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliyatazama magugu yakipanda na kushuka polepole, kama kitu kinachopumua, kisha akatoka, akanishika mkono.

Nilipokuwa mtu mzima aliniambia kwamba hakujua kuogelea, na kila alipoingia majini aliogopa. Hakuna mwingine aliyewahi kumwambia atoke.