Koki ya Kamba Wachanga

Jesca aliletwa ofisi ya uvuvi Mtwara mwaka 1998, akaambiwa ni miaka miwili tu. Miwili! Mwaka 2003 bado yupo, na mumewe Yohana yuko Njombe anajipikia ugali. Barua za kuomba uhamisho ameandika nne, na jibu ni lile lile: "Tukikuachia, programu ataiendesha nani?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Si yeye aliyekwenda semina akajifunza ile programu kwa kiherehere chake? Kwenye kompyuta unachora boksi, hao ndio kamba walioko kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma. Bomba moja linawaingiza, jingine linawatoa, na kila bomba lina koki yake. Ukibonyeza, mstari wa idadi yao unapanda na kushuka, miaka ishirini inapita kabla chai haijapoa. Kila wageni wafadhili wakija, Jesca aitwe, mstari upande, wapige makofi. Alichoka, jamani, alichoka mpaka basi.

Siku ya mkutano wa wageni na wanakijiji wa Msimbati, akasema liwalo na liwe. Akaifungua mpaka mwisho koki ya kamba wachanga wanaovuliwa, jambo ambalo takwimu za ofisi hazikuwahi kulitaja. Programu ionekane ya uongo, iwaaibishe wakubwa, itupwe kabatini, naye apande basi aende zake Njombe.

Mstari ukaporomoka. Mwaka wa nne, kamba sifuri! Mkuu wake, Mzee Gideoni, akakohoa. Jesca alifurahi, haki ya Mungu.

Ndipo akasimama Esperanca, mama aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji akaolewa Msimbati.

"Hapo sasa!" akasema. "Siku zote mashine yenu inatudanganya. Sisi tunavua kwa chandarua. Hao wadogo watapitia wapi? Juzi nimetoka na majani matupu."

Wanawake wenzake wakaitikia, "Kweli kabisa!" Jesca akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Umegundua, binti yangu!" Mzee Gideoni akacheka kwa raha. "Sasa tunaanza upya, kijiji kwa kijiji."

"Miaka mingapi, mkuu?"

"Mitano hivi."

Alitaka kusema alifanya kusudi. Lakini Esperanca alikuwa ameshamfikia, kamshika mkono. "Usituache, mwanangu. Wanangu wanakula kwa hao hao kamba."

Jesca akafungua mkoba kutafuta karatasi. Iliyokuwemo ni moja tu, barua yake ya tano ya kuomba uhamisho, ameshaisaini. Akaigeuza nyuma, akashika kalamu.

"Haya, mama," akasema, machozi yakimlengalenga. "Chandarua chako kina matundu ya ukubwa gani?"