Barua ya Soko la Jumatano

Wanaume walipoanza kuingia soko letu la Jumatano hapa Ibra, ambalo tangu zamani ni la wanawake peke yao, nilipandwa na hasira. Nikamwandikia liwali barua ya kutaka wazuiwe, nikazunguka sokoni kutafuta saini. Bibi mmoja muuza ubani, mzaliwa wa Unguja, alinitaka nimsomee yote. Halafu akauliza, “Nani ataipeleka?”

“Kaka yangu. Mie kuingia ofisi iliyojaa wanaume, naona haya.”

Akanirejeshea kalamu bila ya kutia saini. “Basi mwanangu, soko ushampa kaka yako.”

Nilinuna njia nzima, na barua nikampa kaka. Ombi letu likakubaliwa. Mpaka leo ubani nanunua kwa mwengine.