Makumbi ya Mtoni

Mwalimu wetu wa sayansi alipotuambia kuwa kisiwa kizima kinakula kwa zao moja, na kwamba zao hilo likianguka bei hatuna pa kushika, nilimkazia macho. Nilidhani anatutega. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mtu mwenye akili zake hakuisema karafuu vibaya mbele ya watoto wa watu. Karafuu ndiyo iliyonunua mchele na kulipa mishahara, na msimu ukifika skuli zilifungwa, sisi tukapakiwa kwenye malori kwenda kuichuma. Huyu katumwa na nani? Hilo ndilo lililokuwa swali langu la sayansi siku ile.

Alikuwa amesoma nchi za baridi, na kwa elimu yake yote alichotuletea darasani ni gunia la makumbi ya nazi. Aliyamwaga mezani, vumbi likaruka, wasichana wa mbele wakaziba pua. Alitaka tujifunze kutengeneza usumba, zile nyuzi za makumbi, na kutokana na usumba kamba, mazulia, brashi na magodoro, mpaka siku moja kisiwa kiwe na viwanda vyake na si maghala ya karafuu tu. Wakubwa walikuwa wamemuahidi kuwa kazi ikitoka vizuri, skuli itajengewa karakana, na sisi tuliokuwa darasa lile tutabakishwa kusomea ufundi.

Hapo nikazinduka. Kwa msichana kama mimi, kumaliza skuli maana yake ilikuwa kurudi nyumbani kukaa na kungoja posa. Karakana ilikuwa miaka mingine ya kusoma. Niliitaka ile nafasi mpaka nikawa siwezi kulala, na mwalimu nikaendelea kumshuku wakati huo huo.

Makumbi hayatoi usumba mpaka yaoze kwenye maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Wanawake wa pwani huyafukia kwenye tope maji yakitoka, wakayafunika kwa mawe, na kila mmoja hupanga mawe yake kwa namna yake ili shimo lisiguswe na mwingine. Mwalimu akatupeleka pwani ya Mtoni, nje ya mji, tukafanye vivyo hivyo. Lakini sisi tulikuwa watoto wa Mji Mkongwe. Nani angekubali kupita sokoni Darajani mchana kweupe na furushi la makumbi kichwani, aonekane na jamaa zake kama mtu wa shamba? Tukayafunga ndani ya mashuka. Tukapita vichochoro vya nyuma, mmoja mmoja, na tukikutana na mtu tunayemjua tunageuza uso. Tulidhani tunaficha aibu tu.

Miaka ile ya magendo, mtu kuonekana na mzigo uliofunikwa karibu na pwani lilikuwa jambo la kutisha. Karafuu zilikuwa zikivushwa kwa siri kwenda Mombasa, na aliyekamatwa nazo hakuombewa. Baba yangu alikuwa mpimaji katika ghala la karafuu la Malindi, hapo hapo mjini kwetu, na habari za waliokamatwa alikuja nazo nyumbani pamoja na harufu ya kazi yake.

"Mnafukia nini huko Mtoni?" aliniuliza jioni moja.

"Makumbi, baba."

"Makumbi ndo yavishwe mashuka?"

Nikamueleza tulivyoona haya. Alicheka kidogo, mdomo tu, macho hayamo.

Baada ya wiki chache tulikwenda kukagua mashimo tukayakuta yamefumuliwa yote. Mawe yametupwa huku na huku, makumbi yametapakaa juani, bado magumu, hayafai kwa chochote. Tope lilikuwa limejaa alama za viatu vya buti. Mwalimu akatuambia tukunje mashuka tuliyokuja nayo twende nyumbani. Asubuhi iliyofuata aliitwa. Baadaye tukaambiwa amehamishiwa Pemba. Inawezekana ni kweli. Hakuna aliyethubutu kuuliza yuko skuli gani, na karakana haikutajwa tena.

Mimi nikabaki kutafuta aliyesema. Nilimshuku mlinzi wa skuli. Nilimshuku msichana aliyekaa nyuma yangu kwa sababu tu alikuja na viatu vipya. Nilimshuku muuza mikate wa mtaani kwetu, maskini, aliyekuwa hana habari na lolote. Nyumbani sikusema kitu juu ya mashimo yale, wala mama sikumwambia.

Siku moja tukiwa tunakula, baba akasema, kama mtu anayezungumza na sahani, "Mawe yote wamepindua, na hawakuona hata punje ya karafuu."

Nikauliza, "Nani kakwambia kama mawe yamepinduliwa?"

Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine. Baba alimaliza tonge lake.

"Nlisema mie," alijibu. "Nlisema kuna kitu kinafukiwa, na nkasema mwanangu hamo. Angetangulia mwengine kusema, na wewe ungetajwa."

"Nlikwambia ni makumbi!"

"Kila anayefukia kitu husema makumbi."

"Mie nshakudanganya lini, baba?"

"Sijui," akasema. "Ndo maana."

Nilimchukia. Ninalisema wazi kwa sababu nilimpenda pia, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja bila kupatana. Msimu ulipofika nilipanda lori kama wenzangu nikaenda kuchuma karafuu, na kila kikonyo nilichokivunja nilikivunja kwa hasira.

Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja mkubwa kutoka serikalini, suti imenyooka. Akatuhutubia kuwa karafuu peke yake haitoshi, na skuli lazima zifundishe kazi nyingine za kuiendesha nchi. Akauliza nani kati yetu aliwahi kujifunza kazi ya usumba. Darasa zima likainamia madawati. Nilimchunguza usoni nikitafuta mtego. Sikuuona, lakini hilo halikunihakikishia kitu. Nikanyoosha mkono.

"Nani alokufundisha?" akauliza.

Nikamtaja mwalimu. Akatikisa kichwa polepole, akaendelea na hotuba yake.

Jioni nilimsimulia baba. Alikuwa akinywa chai, akakiweka kikombe chini.

"Ulimtaja kwa jina?"

"Kwa jina lake na la baba yake."

Akainuka, akachungulia kichochoroni, huku na huku, akafunga dirisha. Mimi nikaenda nikalifungua.