Ndege ya Kaka

Jana fundi alipoifungua redio yangu, harufu ya vumbi lililoungulia kwenye waya ilinirudisha Korogwe, sebuleni kwetu, siku zile kaka yangu aliporudi kutoka Dar es Salaam amekonda sana. Begini alikuwa na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, zile zilizoanza kuonekana madukani nchi ilipofungua biashara ya nje. Ikipata moto ilinuka hivyohivyo. Gemu lilikuwa moja tu: ndege ndogo ikipanda kati ya nyota, na maadui wakiishukia kutoka juu ya kioo.

Kaka alicheza amelala mkekani. Mikono ilipoanza kumtetemeka tuligawana pedi ya kuchezea, yeye akaiongoza ndege, mimi nikawa nabonyeza kitufe cha risasi.

"Usiache kupiga," aliniambia. "Mimi nitakwepa."

Jioni moja kidole chake kiliacha kusogea. Ndege ilibaki palepale mpaka ikalipuliwa.

"Kesho utaongoza mwenyewe," alisema, akageukia ukutani.

Tulimzika kijijini Mashewa, kwa babu. Tuliporudi nyumbani, mama, ambaye hakuwahi hata kuutazama ule mchezo, aliwasha televisheni akaketi mkekani.

"Alikuwa anashika wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Aliweka dole gumba lake pale, akanisubiri. Nikaanza kupiga risasi. Ndege haikukwepa chochote, nami sikuacha kupiga mpaka kioo kikawa cheusi.