Sehemu Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kilichovunjika mgongo na programu ya zamu za wafanyakazi ambayo aliyeiandika alikuwa ameshahamia Uarabuni. Kampuni ilikuwa ya kuhifadhi makontena, pale Changamwe, kubwa hata wafanyakazi wa lango moja hawakuwajua wa lango la pili. Nilitoka Mishomoroni na cheti kipya na maringo tele, nikidhani nitaunda mambo ambayo dunia haijayaona. Bwana Mwinyi, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Hapa hatuundi, mwanangu," akasema. "Hapa twatunza."

Vijana wengi huniuliza programu inatunzwaje, maana haiozi wala haipati kutu. Ni kweli, mistari yake ya maagizo hubaki vilevile. Kinachobadilika ni watu wanaoizunguka. Sheria ya likizo ikibadilika au lango jipya likifunguliwa, lazima mtu aingie ndani ya programu aguse mistari michache bila kuiangusha mingine. Kazi hiyo haina shangwe. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo.

Nami niliipenda mno. Nilikuwa nikisoma asubuhi nzima mistari ya watu nisiowajua na kuwaona walivyokuwa: huyu alikuwa na haraka, huyu mwoga, kakagua jambo moja mara tatu. Mara nyingine nilitoka nje saa ya chakula, jua likanipiga usoni, na kwa kitambo kidogo sikujua kipi ni cha kweli, ule uwanja wa makontena au mahali nilipotoka.

Bwana Mwinyi alinifunza kuandika maelezo. Hizo ni sentensi za kawaida zinazowekwa katikati ya programu. Kompyuta huziruka, kwa kuwa ni za binadamu. Yake yalianza kwa salamu. "Assalamu alaykum, ewe utakayekuja. Mstari huu usiufute, lango la pili lautegemea." Nilizoea kuitikia kimoyomoyo.

Alipostaafu akarudi kwao Mtongwe, programu ikaanza kunenepa. Mkuu wa Utumishi aliongeza likizo na matibabu. Mkuu wa Usalama akaunganisha milango, ikawa kadi ya mfanyakazi haifungui lango ila kwa saa za zamu yake. Kila aliyekuja aliongeza lake na hakuna aliyeondoa. Ikafika mahali nikigusa sare za walinzi, orodha ya chakula cha mchana inapotea. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Ndipo akaletwa Meneja wa Mifumo kutoka Nairobi, kijana mwerevu, mchangamfu, na sikumchukia hata kidogo.

"Madam, hii yote ni ya nini?" akaniuliza. "Kitu haijafanya kazi miezi sita, toa."

Nilifuta sehemu nyingi wiki ile, na raha niliyoipata sitaificha. Mojawapo ilikuwa fupi, kazi ya Bwana Mwinyi mwenyewe, imelala tangu mwaka uliotangulia, haina maelezo hata neno moja. Nikajiambia, mtu aliyesalimia kila mahali akanyamaza hapa, basi hapa hapana kitu. Nikaifuta, nikaenda kunywa chai.

Miezi miwili baadaye Ramadhani ikaandama. Kwetu desturi ni kwamba wanaofunga hufanya kazi alfajiri mpaka adhuhuri, warudi majumbani kabla jua halijawamaliza. Nililijua hilo kama kila mtu, ila nilidhani wasimamizi ndio wanaobadilisha zamu. Wasimamizi walidhani ni karani wa zamu. Karani naye alibonyeza kitufe chake kama kila mwaka, akafunga ofisi akaenda zake. Asubuhi waliofunga wakafika langoni, kadi zikakataa. Zamu zao zilikuwa bado za mchana.

Salim, dereva wa foklifti niliyejuana naye tangu ujana wetu, alipanda mashine yake ya kuinulia makontena saa saba kamili, naye amefunga. Saa tisa akashikwa na kizunguzungu, kontena tupu likamponyoka likaangukia foklifti ya jirani, ambayo dereva wake alikuwa ameteremka punde tu. Hakuumia mtu. Zamu zikarekebishwa kwa mkono siku ile ile, lakini Salim akasimamishwa kazi kwa uzembe, angoje kamati ya usalama. Kila mtu alijua kamati ile humfukuza nani.

Kesho yake, nikiikumbuka ile sehemu fupi niliyoifuta, nilivuka kwa feri hadi Mtongwe.

"Shikamoo, Bwana Mwinyi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Nikamweleza ile sehemu ilivyokuwa. Akajishika kichwa.

"Ile ndiyo igeuzayo zamu mwezi ukiandama. Karani abonyeza, nayo yaamka."

"Mbona hukuiandikia maelezo?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Na hilo nalo ni la kuandika? Nani hapa asiyejua?"

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Mambo magumu yote aliyaandika. Aliliacha moja tu, lile linalojulikana na kila mtu, na ndilo lililopotea.

Siku hiyo ningalipaswa kurudi ofisini moja kwa moja na kusema. Sikusema. Nilikuwa karibu kupandishwa cheo, na niliogopa. Niliirudisha ile sehemu kimyakimya, nikakaa kwenye kiti changu nikiwasikia wenzangu wakimjadili Salim, eti siku hizi amechoka, eti macho.

Siku ya tano nilikwenda soko la Kongowea kununua viazi, nikamkuta Salim anasukuma mkokoteni. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka.

"Dada Kadzo! Lete gunia hilo, usijivunje mgongo nami nipo."

Akanipelekea hadi barabarani na hakutaka ujira. Nami nikamwacha anipelekee.

Siku ya tisa niliingia kwa Meneja wa Mifumo, nikabaki nimesimama. "Kosa si la Salim," nikamwambia. "Ni langu mimi." Nikamweleza yote, naye akasikiliza bila kunikatiza.

"Umejua lini, Madam?"

"Leo," nikasema.

Salim alirudishwa kazini kabla ya Idi. Cheo nilikikosa, na nilistahili kukikosa. Pembeni mwa ile sehemu niliandika maelezo marefu, nikaeleza inafanya nini, inaamshwa na nani, na nini kilitokea ilipofutwa. Siku tisa zile sikuzitaja.

Sasa nimestaafu. Nikilala baada ya chakula cha mchana huota niko ndani ya programu, natembea polepole, nafungua vyumba ambavyo sijui nani kavijenga, na kote kuna mwanga laini wa saa kumi. Siogopi humo. Naamka nimepumzika. Mtaambiwa mashirika makubwa huelemewa na wingi wa mistari, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mimi naogopa zaidi yale ambayo watu wanayajua na hakuna anayeyasema, na katika hao nimo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika haya nilikwenda kwa Salim, Likoni. Naye amestaafu, ana mvi tupu. Nilimwambia siku niliyojua na siku niliyosema.

Alihesabu kwa vidole. "Siku ile ya gunia la viazi," akauliza, "ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa nishajua."

Akaitazama mikono yake.

"Nalikuona huna raha kabisa siku ile," akasema. "Nikadhani una msiba kwenu. Jioni nilipofuturu, nikakuombea dua."